Jembe Jekundu la Mahari

Msinicheke kabla sijamaliza. Kwetu posa haiendi bila jembe, na mwanangu Kasiani alikuwa amepata mchumba kijiji cha Namawala. Mhunzi wetu alikuwa nalo, amelifua kwa springi ya lori, jeusi kama chungu cha pombe. Nikaona haya kulipeleka. Tangu biashara iwe ruksa, sokoni Ifakara yamejaa majembe ya rangi, bei ya kutupa, nikachukua jekundu. Shule niliishia darasa la pili, lakini kusifia najua!

"Nyumba yetu haina vitu vya msimu mmoja," nikawaambia wakwe, kifua mbele.

Bibi wa binti akalipokea, akatoka nalo uani, akalipiga ardhini mara moja tu. Likajikunja kama jani la mgomba. Kasiani akainamisha kichwa. Nikajua nimemvunjia ndoa.

"Baba Kasiani," bibi akaniita, "hili ni la kulimia au la kupakulia wali?"

Wote wakaangua kicheko. Nikanyoosha mkono nilichukue, jasho linanitoka.

"Jembe rudi nalo, ulete la mhunzi," akasema. "Kijana mwache hapa. Yeye masika yote nimemwona analima shambani kwetu, na hajajikunja."