Nilivyoandika kwamba shamba la kahawa la Bibi Ndunguru lilikuwa pori

Wakuu, salaam kwenu. Kisa hiki ni changu na sijakitia chumvi. Ningekitia, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifundisha historia kwenye sekondari moja ya milimani, upande wa Litembo. Waliijenga wazazi, kipindi kile milango ya shule zisizo za serikali ilipofunguliwa na kila kata ikataka sekondari yake.

Mwenye digrii pale nilikuwa peke yangu, na nilihakikisha hakuna asiyejua.

Mwalimu wa hesabu, Mkanada wa kujitolea, alipoondoka aliniachia kitabu cha historia ya shule ya serikali aliyosoma kwao. Shule hiyo ina zaidi ya miaka mia. Iliungua, ikajengwa upya kwa mawe, wanafunzi wakaenda vitani. Kila mkuu wa shule ana picha yake na masharubu yake.

Nilikisoma mara tatu.

Basi mkuu wetu akaniomba niandike historia ya shule yetu, isomwe kwenye mahafali ya kwanza ya kidato cha nne.

Shule ilikuwa na miaka minne, wakuu. Niliandika kurasa sita.

Kitabu cha Kanada kilianza kwa kusema shule ilijengwa mahali palipokuwa pori. Nikaupenda mwanzo huo, nikauazima. Yaani pori milimani kwetu, ambako hata kwenye mteremko wa kutisha utakuta mahindi.

Siku ya mahafali sikumaliza hata aya ya kwanza. Akasimama Bibi Ndunguru, mjane aliyeishi nyuma ya bweni.

"Mwalimu, pori lipi?"

Nikamwamkia shikamoo, angalau nipate muda.

"Marahaba. Hapo uliposimama palikuwa kahawa yetu. Marehemu mzee wangu aliing'oa mwenyewe ili mjenge. Ndugu zake wakamwita kichaa. Sasa ukiandika pori, wajukuu zangu watamjua kwa lipi? Kwa ukichaa?"

Sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, turudie hapo kwenye pori."

Watu walicheka mpaka mgeni rasmi akajifunika uso kwa ratiba.

Jioni ile nilikwenda kwake na kalamu. Historia mpya ilianza na jina la mumewe na kahawa yake, na ndiyo iliyotundikwa ofisini.

Lakini swali likaninata. Nikaiandikia ile shule ya Kanada: kabla yenu, kiwanja kilikuwa cha nani?

Jibu lilichukua miezi. Lilikuwa la adabu sana. Wanamjua aliyechora jengo na aliyeweka jiwe la msingi. Mwenye kiwanja hawamjui, hawakuwahi kuulizwa.

Nikampelekea Bibi habari. Alikuwa anaanika kahawa, hakuinua hata kichwa.

"Huko hawana mabibi?"

"Wanao, Bibi."

"Basi wakawaulize."

Nilichojifunza: nilikuwa na digrii ya historia na sikuwahi kumuuliza jirani wa bweni.

Sasa nanyi semeni. Shule uliyosoma, kabla ya darasa la kwanza kujengwa, palikuwa shamba la nani?