Flati ya Mstari wa Nne

Mwalimu wangu wa piano ni mama mtu mzima anayeishi Chole, Kisarawe, kwenye shamba la wazazi wake. Alifundisha muziki chuo cha ualimu mpaka akastaafu, akarudi kwao na piano aliyoinunua chuoni walipoleta vinanda vya umeme. Mimi ni karani wa masijala Kibaha na napiga kinanda kanisani. Nilishavuka arobaini nilipomwomba anifundishe kusoma nota za mistari, maana kwaya yetu inatumia do-re-mi tu. Alikubali kwa sharti kwamba nisichelewe.

Mwaka jana alinipa kipande kifupi cha mtunzi wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, cha polepole, mkono wa kushoto hauna mapumziko. Kitabu chake hakiazimwi, kwa hiyo nilitafuta nakala mtandaoni, nikaichapisha steshenari ya Maili Moja. Nilifanya mazoezi wiki mbili. Siku nilipompigia kipande hicho, alinisimamisha mstari wa nne.

"Hapo kuna flati," alisema.

Nilirudia, akanisimamisha tena. Nikamwonyesha karatasi yangu: flati, ile alama inayoshusha sauti kidogo, haikuwepo. Akafungua kitabu chake kilichogeuka rangi ya chai, na humo ilikuwepo. Alisema mashine ya Maili Moja imeila. Nilikubali kwa heshima, lakini nilirudi nyumbani Tangini sijaridhika. Kazini kwangu, nakala mbili za barua moja zikitofautiana, hatubishani ipi inapendeza; tunafungua jalada tuone barua halisi.

Sikujua kwamba barua halisi ya muziki wa namna hiyo inaweza kuonwa na mtu aliyekaa sebuleni Tangini. Maktaba za Ulaya zimeweka picha zake mtandaoni. Nikaona mwandiko wa mtunzi mwenyewe, mdogo, wa haraka, na kila alipobadili mawazo alipaka wino mpaka huwezi kujua alikataa nini. Yale madoa niliyatazama muda mrefu kuliko nota. Mstari wa nne ulikuwa safi, hauna flati. Chapa mbili za kwanza, zilizotoka nchi mbili tofauti, nazo hazikuwa nayo.

Jumamosi iliyofuata nilizibeba picha hizo kwa woga. Kumwambia mwalimu wa miaka sabini na kitu kwamba amekosea tangu ujana si jambo dogo. Nilimwamkia, akaitikia, nikazitandaza mezani bila maelezo. Alizipitia moja moja. Kisha akaleta kioo cha kukuzia anachosomea msahafu, akainamia mstari wa nne wa kitabu chake.

"Njoo uone," alisema. "Hii haikuchapwa."

Kweli, flati ile ilikuwa ya kalamu, imechorwa kwa ustadi hata ikafanana na zilizochapwa, ila chini ya kioo rangi yake ilielekea bluu. Kitabu alipewa na mama mmoja mgeni aliyemfundisha chuoni, sasa marehemu. Miaka yote hakuwahi kujua. Sikuona aibu usoni mwake wala hasira. Alitaka kujua kwa nini.

Tulitafuta kwa wiki kadhaa, yeye akiniagiza kwa simu cha kuangalia. Mwishowe nikapata picha ya nakala iliyokuwa ya mwanafunzi wa mtunzi. Pale pale, mstari wa nne, kuna flati ya penseli. Maktaba ilieleza kwamba huenda ni mkono wa mtunzi, huenda si wake. Nilimpigia mwalimu papo hapo. Akauliza kama penseli imekandamizwa. Nikamwambia sana.

"Basi mtunzi alikuwa amechoka kumsahihisha," alisema, akacheka.

Yule mama wa chuoni aliijuaje, hatukupata. Labda alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu; labda sikio lake tu lilimwambia. Jumamosi moja mwalimu alinitaka nipige bila flati, kisha kwa flati, naye amesimama dirishani amenipa mgongo. Bila flati, mstari ule unang'aa na kupita. Kwa flati unasita kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Akaniuliza naonaje. Hakuwahi kuniuliza hivyo. Nilijibu kwamba mimi, pamoja na ukarani wangu wote, napenda yenye flati.

"Mimi nimeipiga hiyo miaka arobaini," alisema. "Hebu inuka, nisikie na hii nyingine."

Akakaa kwenye kiti, akaanza mwanzo.