Shaka Linatosha

Nitakayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu, au niliyasikia yakitoka kinywani mwa mwenye kuyasema. Yale ambayo watu wa Songea walikuja kuyasema baadaye kuhusu mtoto yule na mama aliyemlea, kwenye mashine za kusaga, kwenye vijiwe vya bodaboda, hata nje ya kanisa baada ya misa, nimeyaacha hukohuko. Sikuwapo. Nilikuwapo ukumbini siku ya mafunzo, nilikuwapo zahanati siku mtoto alipoletwa, na nilikuwapo uani kwa mama huyo alasiri ya siku hiyohiyo. Jambo jingine ninaloweza kulithibitisha ni wivu wangu, kwa kuwa huo sikusimuliwa na mtu.

Mimi ni tabibu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa mkufunzi wa matabibu na wauguzi, na baada ya kustaafu nimeendelea kuona wagonjwa siku chache kwa wiki katika zahanati ndogo hapa Bombambili. Leseni inapofika wakati wa kuhuishwa, hakuna anayeniuliza nimefundisha wangapi. Naulizwa nimehudhuria mafunzo gani. Ndivyo nilivyojikuta kwenye kiti cha plastiki, nimevaa koti juu ya sweta kwa ajili ya baridi ya Juni, nikifundishwa namna ya kumtambua mtoto anayefanyiwa ukatili au asiyetunzwa, na namna ya kutoa taarifa zake.

Aliyekuwa akifundisha alikuwa mwanafunzi wangu.

Nilimpokea chuoni akiwa binti mwembamba kutoka upande wa Hanga, mwenye kuuliza maswali mpaka wenzake wakaguna. Baadaye aliuacha utabibu akasomea ustawi wa jamii, uamuzi nilioutazama siku zote kuwa hasara kwa utabibu. Sasa ni afisa ustawi wa jamii, mama mtu mzima, anayeweza kuzungumza asubuhi nzima bila kutazama karatasi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema mlangoni, akapiga goti kidogo kama zamani.

"Marahaba."

"Leo utanivumilia."

"Tutaona," nilimjibu.

Heshima hiyo iliishia mlangoni. Ndani ya ukumbi Mwalimu alikuwa yeye. Muuguzi mmoja wa safu ya nyuma aliponyoosha mkono na kuita, "Mwalimu!", niligeuka kwa mazoea ya miaka mingi, nikakuta macho ya muuguzi yamenipita juu ya kichwa, yakimtazama mwanafunzi wangu. Nilijifanya ninatafuta kalamu iliyoanguka.

Kisha akavaa soksi nyeupe mkononi kama glovu, akauzamisha mkono ndani ya beseni la maji aliyoyatia wino wa buluu. Alipoutoa, wote tukaona mstari ulionyooka kuuzunguka mkono. Akavaa soksi nyingine, akajimwagia maji yaleyale kwa kikombe; safari hii yakaacha michirizi na matone yasiyo na mpangilio. "Maji ya moto yakimrukia mtoto yanaacha matone," alisema. "Mkono ukishikiliwa ndani ya maji unaacha mstari. Hili nilifundishwa chuoni."

Chuoni. Kana kwamba ni kuta zilizomfundisha. Beseni lile, soksi zile na wino ule ni mambo niliyoyabuni mimi, kwa sababu chuo hakikuwa na picha za kufundishia, na yeye alikuwa amekaa mbele kabisa siku nilipoyaonyesha kwa mara ya kwanza. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi sikuwahi kupigiwa makofi kwa ajili ya soksi.

Baada ya hapo aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: SHAKA INATOSHA.

Nilinyoosha mkono. "Linatosha," nilisema. "Shaka hili, mashaka haya."

Watu walicheka. Yeye alifuta, akaandika LINATOSHA, akanishukuru kwa dhati, akaniita mzee wetu. Nilitamani nisingesema kitu.

Hata hivyo kilichoniuma hakikuwa sarufi. Miaka yote niliyofundisha, sentensi yangu moja ilijulikana chuo kizima: ukiwa na shaka, usiandike. Kwangu shaka lilikuwa upungufu wa ujuzi, jambo la kumfanya tabibu asimame, apime tena, anyamaze mpaka ajue. Sasa mwanafunzi wangu alikuwa amelichukua neno lilelile akaligeuza kuwa sababu ya kwenda mbele. Nikasimama nikamwambia hivyo.

"Kuandika na kutoa taarifa ni kazi mbili, Mwalimu," alijibu kwa upole. "Kwenye faili la mgonjwa tunaandika tulichokiona. Lakini sheria haimsubiri tabibu awe na uhakika. Shaka likiingia, unatuita sisi, nasi ndio tutakaotafuta uhakika. Ukisubiri mpaka ujue, mtoto anakusubiri wewe."

"Mzee kabanwa," alinong'ona tabibu mmoja kijana karibu yangu. Nilimsikia mwenyewe. Afisa aliandika namba yake ya simu ubaoni, kila mtu akainakili. Mimi nilikunja mikono.

Siku zilizofuata muuguzi wa zahanati yetu, binti aliyetoka Mbesa na aliyekuwapo pia kwenye mafunzo, alinichosha kwa kumsifu. Mwalimu alisema hivi, Mwalimu alisema vile. Mwisho nilimuuliza ni Mwalimu yupi. "Yule wa ukumbini," alisema, akaendelea kupanga bandeji kwenye trei.

Ndipo asubuhi moja aliletwa mtoto wa kike, wa umri wa kuanza shule. Aliyemleta nilimfahamu kwa sura: mama wa makamo, mwimbaji wa kwaya, nguo zake zimenyooshwa vizuri. Alisema mtoto ni wa marehemu mdogo wake. Hilo naliweka kama neno lake.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mtoto kapatwa na nini?"

"Mtundu huyu. Nimeepua maji ya ugali, nageuka tu, kashaingiza mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Na wa kushoto mbona umefungwa kitambaa?"

"Huo vipele tu, daktari. Watoto wa siku hizi hawaogi."

Nilimuuliza mtoto jina lake. Mama alilitaja. Niliuliza kama anasikia maumivu. Mama alisema ameshaanza kuzoea. Mtoto alikuwa akitazama kifungo cha koti langu muda wote, wala hakulia nilipougusa mkono wa kulia, ambao ulikuwa umebabuka mpaka juu kidogo ya kifundo cha mkono, malengelenge yakiwa bado hayajapasuka. Sikuona michirizi. Niliona mstari. Nikajiambia kuwa mkono mmoja unaweza kuzama wenyewe, nikaandika nilichokiona bila kuongeza neno, nikampeleka mtoto kwa muuguzi chumba cha kufungia vidonda. Mama alibaki kwenye benchi akinieleza sare mpya za kwaya.

Muuguzi alipomrudisha mtoto, mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji. Alisimama kwenye kizingiti akanitazama.

"Mwalimu," alisema, sauti yake ya kawaida kabisa, "nina shaka."

"Sawa," nilijibu.

Akaelekea stoo ya dawa, nyuma. Mimi nikamgeukia mama. "Nendeni. Bandeji zisilowe. Mrudi kesho kutwa."

"Asante, daktari. Nimeacha maharage jikoni."

Alimpandisha mtoto kwenye bodaboda iliyokuwa ikisubiri, akapanda nyuma yake, wakaondoka. Muuguzi alitoka stoo akiwa na simu sikioni, akatazama benchi.

"Wako wapi?"

"Wameondoka."

"Umewaruhusu?"

"Si umesema una shaka?"

"Ndiyo, nimesema nina shaka!"

"Sasa ukiwa na shaka ulitaka niwazuie kwa lipi?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyechanganya dozi. "Mwalimu, ule wa kushoto si vipele. Umeungua kama wa kulia. Mstari uleule, mahali palepale. Ningeyasemaje hayo mbele ya mama yake?"

Hapo nilielewa. Yeye alinena lugha ya ukumbini. Mimi nilisikia lugha ya chuo changu, kwamba hana neno la kusimamia, kwamba jambo lenyewe halishikiki. Na kwa neno hilo moja mtoto alikuwa njiani kurudi kwenye nyumba yenye yale maji, pamoja na mtu ambaye sasa alijua kwamba daktari amemtazama na kumwacha aende.

Muuguzi alininyooshea simu. "Ongea na Mwalimu, Mwalimu."

Ningependa iwe namba ya mtu mwingine yeyote.

"Shikamoo, Mwalimu," ilisema sauti ya mwanafunzi wangu. "Alichokiona muuguzi ameshanieleza. Nieleze ulichokiona wewe."

Nilimweleza mkono wa kulia, urefu wa jeraha, kukosekana kwa matone.

"Na maji ya ugali?"

"Ni maneno ya mama."

"Kwamba mtoto ni mtundu?"

"Ya mama pia."

"Mtoto mwenyewe amesema nini?"

"Hakupewa nafasi ya kusema."

"Hilo umeliona au umelihisi?"

"Nimeliona. Nilimuuliza mara mbili, mama akamjibia mara mbili."

Maswali yale yalikuwa yangu. Ndivyo nilivyowauliza wanafunzi wangu mbele ya kitanda cha mgonjwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wajifunze kutenganisha. Nilikuwa nikiulizwa sasa kwa utaratibu safi kuliko nilivyowahi kuuliza mimi, bila ukali, bila kumwaibisha anayejibu, na nilimwonea wivu mpaka nikauonja kwenye mate.

"Nyumba unaifahamu au umeelekezwa?"

"Naifahamu. Nilipata kukaa uani kwao siku ya msiba mmoja."

"Basi nakupitia. Nitakuwa na askari wa dawati la jinsia na watoto."

Walifika na gari, akiendesha yeye mwenyewe, pamoja na askari mwanamke aliyevaa nguo za kiraia; dereva kijana wa ofisi aliwafuata kwa pikipiki. Nilikaa mbele ili nionyeshe njia. Tulipokwisha kuacha lami nilimwambia kuwa neno lake limeleta kosa.

"Neno gani, Mwalimu?"

"Shaka. Muuguzi alisema ana shaka, nikaelewa kwamba hana hakika."

"Ni kweli, hakuwa na hakika." Alikata kona. "Na wewe ulikuwa na hakika?"

"Hapana."

"Basi mlikuwa mnasema kitu kimoja."

Askari alikohoa kwenye kiti cha nyuma. Nilijua kikohozi cha namna hiyo. Wanafunzi wangu walikuwa nacho.

Nitaandika na hili. Nilitamani tumkute mtoto anacheza, mama anacheka, kila kitu kina maelezo yake. Nilitamani hivyo kwa ajili ya mtoto, na nilitamani hivyo ili mwanafunzi wangu aonekane amekosea. Matamanio hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwangu njia nzima, na mimi ninayejivunia kutenganisha mambo sikuweza kuyatenganisha.

Niliwaonyesha nyumba. Tulibisha hodi, mama akatukaribisha kabla hajatuona sawasawa. Alipotuona, alinitazama mimi.

"Daktari, umeniletea wageni."

Mimi nilikuwa nikimtazama mtoto. Alikuwa amechuchumaa karibu na bomba, mbele ya karai la vyombo. Bandeji nilizoagiza zisilowe zilikuwa ndani ya maji mpaka juu, na alikuwa akisugua sahani kwa kuikumbatia kati ya mikono miwili, maana vidole havikuweza kushika. Hakuinua uso.

"Anajifunza kazi," mama alisema. "Hakuna aliyemtuma, daktari. Anapenda mwenyewe."

"Mama," alisema afisa, "hatujaja kukuhukumu. Tuna shaka juu ya mikono ya mtoto. Atapelekwa hospitali sasa hivi, nawe utazungumza na mwenzangu huyu."

"Shaka tu ndiyo mnanichukulia mtoto?"

"Ndiyo, mama. Linatosha."

Alitamka vizuri. Nilisikia.

Mama alianza kuongea kwa sauti ya juu, akitaja kwaya, akitaja paroko, akitaja miaka aliyomlisha mtoto asiyemzaa. Askari alimsogeza kwenye benchi, akakaa naye. Mimi niliona kwamba kumchukua mtoto ni kazi ya tabibu, nikamwendea, nikainama kadiri magoti yalivyoniruhusu, nikamwambia kwa Kiswahili asiogope, mimi ndiye daktari wa asubuhi. Mtoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Daktari wa asubuhi ndiye aliyemrudisha hapa.

Mwanafunzi wangu alikuja akachuchumaa kando yangu. Alimsemesha Kingoni. Mimi si mzaliwa wa huku, na kwa muda wote nilioishi Songea nimejua Kingoni cha kusalimia na cha kuuliza panapouma, basi. Alisema maneno machache tu. Mtoto alijibu kwa sentensi moja, ya kwanza niliyoisikia kutoka kwake. Askari aliniambia baadaye maana yake. Siiandiki, kwa kuwa sikuielewa iliposemwa.

Nilichokiona ni kwamba mtoto aliitoa mikono yote miwili karaini na kumpa. Kwangu mimi hakunyoosha hata mmoja. Afisa alifungua kitenge alichojifunga juu ya sketi, akaizungushia mikono ile bila kuibana, akamnyanyua. Kisha akanipa funguo.

"Mwalimu, nifungulie mlango wa nyuma."

Niliufungua. Aliingia naye, akampakata, akamwita yule dereva kijana aje aendeshe, nami nikampa funguo. Mimi na askari tulibaki na mama. Niliufunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe, nikahakikisha umeshika. Kupitia kioo niliona kitenge kimeanza kulowa, na mtoto ameegemeza kichwa chini ya kidevu cha mwanafunzi wangu. Gari lilishuka likakata kulia, kuelekea hospitali.