Mama Alivyowafokea Askari wa Damu Yangu

Homa ilinisumbua kwa wiki nyingi kabla daktari hajagundua kwamba bakteria wameweka makazi kwenye vali ya moyo wangu. Mama anauza vitenge Kariakoo na sauti yake inavuka mtaa. Siku hiyo alikuwa amekaa kando ya kitanda changu hospitalini.

"Kwani askari wa mwili wake wamelala?" aliuliza.

"Hawajalala, mama," daktari akasema. "Chembe nyeupe za damu zinapigana muda wote, ndiyo maana mgonjwa anachemka. Ila bakteria wamejifunika kwa damu iliyoganda, kwa hiyo haziwafikii. Na vurugu zenyewe zinazidi kuiumiza vali."

"Kumbe ni mgambo wa jiji!" Mama akashangaa. "Wanavunja meza, na mmachinga wanayemtafuta yuko uvunguni."

Daktari alicheka, akaagiza nitundikiwe dripu za dawa kila siku. Mama hakucheka. Alikiinamia kifua changu akaanza kufoka: "Nyinyi! Acheni fujo, dawa ifanye kazi!"

Wodi nzima ikageuka kututazama. Nilijifunika shuka kwa aibu.

Kesho yake mzee wa kitanda cha jirani alimwita Mama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Naomba uzifokee na figo zangu."

Mama akakaza khanga, akaenda. Wengine nao wakaomba, mpaka nesi akamsihi apunguze sauti.

Homa iliposhuka, nilimwambia Mama kwamba nimepona kwa dawa.

"Sijakataa," akajibu. "Lakini nani aliwatuliza wale mgambo?"