Nilivyofungua Mji kwa Tenti ya Matanga

Naona haya kuisimulia hata leo, lakini nitasimulia. Niliporudi kutoka ng'ambo na diploma yangu ya hoteli (nilijisomesha kwa kuosha sahani, hakuna aliyenichangia hata nauli), mtaa wetu mzima wa Makongeni ulisema sitaweza. Nilikuwa nimekodi hoteli iliyofungwa katika mji mdogo wa chemchemi za maji moto, huko Bonde la Ufa, ambako zamani walowezi walienda kuloweka migongo, kisha mji ukafa, popo wakarithi vyumba, nami nikaapa kuufufua. Mzee Wekesa, mstaafu wa reli, alinicheka mbele ya watu: "Msomi, mji uliokufa haufufuki kwa cheti. Anza na kibanda cha chai."

Siku ya ufunguzi ilipokaribia sikuwa na tenti wala sufuria kubwa. Akina mama wa mtaa walikuwa navyo, vya matanga, na kila mtu Makongeni anajua vyombo vya matanga havipikiwi sherehe, maana vikipikiwa vitadai maiti. Mimi mtu wa diploma niogope sufuria? Nikamwambia Mama Nekesa, mtunza stoo, kwamba shangazi yangu amefariki huko Bonde la Ufa. (Shangazi alikuwa Bungoma, mzima, akipalilia mahindi.)

"Pole, baba," akasema, akaniongezea sahani.

Sherehe ilifana, nisijinyime sifa. Wageni walioga, wakala, na juu ya tenti nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu ya mafuta: RAHA IMERUDI. Jumapili mchana lori letu likaingia Makongeni, wapishi wakiimba juu ya mizigo, mimi nimeketi mbele kama mheshimiwa.

Tukapinda kona. Watu walijaa nje kwa Mzee Wekesa, wamesimama mvuani, na jeneza liko mezani limefunikwa nailoni. Alikuwa amefariki Ijumaa, siku ileile niliyoondoka na vyombo.

Mzee aliyenicheka hadharani amekufa, na vyombo vya kumzikia ninavyo mimi, vinanuka pilau: nani angeamini sikumroga? Wimbo ukakatika. Wanaume wakalizunguka lori.

"Shuka," mmoja akasema polepole, nami nikashuka.

"Shangazi umemzika?" Mama Nekesa akauliza.

Wanaume wakanyakua tenti, wakaisimamisha haraka juu ya jeneza, na maneno yangu yakafunguka juu ya vichwa vya wafiwa, makubwa, mekundu. Mtu akaokota jiwe. Nikatafuta pa kukimbilia, sikupaona.

Mjane akainua macho, akasoma. Mabega yakamtikisika, nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Mwacheni," akasema. "Mzee aliuawa na presha, si sufuria. Tena aliniambia tutaenda kuoga huko, amcheke huyu vizuri."

Jiwe likaanguka chini.

Hoteli ilisimama imara, na mji ukapata taa na wageni, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Mwaka uliofuata nilimlipa kila mama sahani yake iliyovunjika, nikashonesha tenti mpya sokoni Gikomba. Mama Nekesa akaikunjua, akavuta mishono, kisha akanipima kwa macho kuanzia utosini hadi viatuni.

"Ni ndefu," akasema. "Hata wewe, siku yako ikifika, itakutosha."

Tangu siku hiyo siazimi cha mtu, hata kijiko.