Mama Alipoosha Mara Saba

Mama alikula mgebuka kwa kijiko. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Nyumbani kwetu Kasingirima samaki huliwa kwa vidole. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuupapasa mwiba kabla haujafika mdomoni, na kila akiona mtu anamvunja samaki kwa kijiko hucheka chini chini. Mchana ule wa Alhamisi alikaa mkekani, kijiko mkononi, kidole gumba amekinyanyua pembeni kama mtu aliyeungua. Kilikuwa kimefungwa kipande cha kanga.

"Kidole kimefanyaje?"

"Hakijafanya kitu. Kula, chakula kinapoa."

"Mama."

Akaweka kijiko chini. "Mbwa wako kaning'ata. Si kung'ata hasa, kanipitisha meno tu. Nilikuwa namsogezea bakuli lake."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi. Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nimeosha. Mara saba, ya kwanza kwa udongo. Hilo limekwisha."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake. Mama hufundisha watoto juzuu kibarazani kwetu, na twahara kwake haina mjadala. Mate ya mbwa yakikugusa, unaosha mara saba, moja kwa udongo, kisha unaendelea na sala zako. Ameishi hivyo, mama yake aliishi hivyo, na jirani zetu wengi huku Ujiji wanaishi hivyo. Katika hesabu yake, jeraha lilikuwa najisi, najisi ilikuwa imeondoka, na hapakuwa na habari ya kumpa mtu.

Mimi nilikuwa na habari ambayo yeye hakuwa nayo. Tangu jana yake yule mbwa alikuwa hajala. Asubuhi nilimkuta amejikunyata nyuma ya pipa la maji, ute umemning'inia mdomoni, na niliponyoosha mkono alinionyesha meno. Nilidhani ni homa ya mabadiliko ya mahali. Alikuwa na wiki moja tu nyumbani kwetu.

Nilisimama. Nilimtazama mama akichota tonge kwa kijiko, na kitu kimoja tu kilikuwa kinazunguka kichwani mwangu: kwamba mimi ndiye niliyekileta kifo hiki ndani, nimekibeba mwenyewe mapajani juu ya bodaboda, nikikibembeleza.

Sikuwa nimekosa mbwa mwingine. Hilo ndilo linaloniuma. Baada ya wezi kuvunja dirisha na kuondoka na kompyuta yangu, pamoja na riwaya niliyokuwa nimeifikisha katikati, nilimwambia mama tufuge mbwa. Tunaishi wawili tu tangu baba afariki. Mama akasema ulinzi ni sawa, dini haijakataza, ila akae nje na asikanyage mkeka wake. Rafiki yake mmoja, mwalimu mstaafu wa Rusimbi, alipopata habari akaja siku hiyo hiyo. Jirani yake, mtumishi wa serikali, alikuwa amehamishwa mkoa na familia yake yote. Walipakia makochi, walipakia kuku, mbwa wakamwacha. Jike la rangi ya majivu, mtu mzima, lililala mbele ya geti lililofungwa kwa kufuli likiwasubiri.

"Mchukueni," mwalimu alisema. "Namjua tangu anafungua macho. Chanjo zake zote nilikuwepo, mimi ndiye niliyemshika. Hang'ati. Anaogopa radi tu, ikipiga anaingia chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda cha nani?" mama akauliza, na wote wawili wakacheka.

Nilikwenda kumtazama. Aliinua kichwa, akaniangalia, akaona mimi siye, akakilaza tena. Nikamwambia mwalimu kwamba nataka mbwa nitakayemlea mwenyewe tangu mwanzo, mbwa mzima ana tabia za watu wengine. Yalikuwa maneno mazuri. Ukweli ni kwamba nilitaka mbwa wa kupendeza. Nilikuwa nimeshamwona kichwani mwangu, masikio yamesimama, amelala miguuni pangu nikiandika, na yule mbwa mzee wa getini hakuwamo katika picha ile.

Basi nikaenda sokoni Mwanga. Nyuma ya safu ya mafundi cherehani palikuwa na mtu anayeuza watoto wa mbwa katika maboksi ya karatasi yaliyotobolewa matundu.

"Dada, hii ni mbegu," aliniambia, akimning'iniza mmoja kwa ngozi ya shingo. "Hii haitoki kwenye majalala yenu. Masikio yatasimama yenyewe, hutayagusa."

"Amechanjwa?"

Akatoa kadi. Ilikuwa na muhuri, saini na jina la ugonjwa, kichaa cha mbwa, kwa herufi kubwa. Mimi ni mtu wa maandishi, karatasi yenye muhuri hunilegeza. Sikuuliza kitu kingine. Wengine watano walibaki ndani ya boksi, wamepandiana kwa baridi ya sakafu, na nakumbuka niliona nimemwokoa mmoja.

Alhamisi ile sikumwacha mama amalize kula. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja, mwanamke wa umri wangu, hijabu chini ya koti jeupe. Akafungua kitambaa. Jeraha lilikuwa dogo, mistari miwili kama ya kalamu, pembeni pamevimba, na ndani ya mstari mmoja palikuwa na chembe za udongo.

"Mama shikamoo. Uliosha na nini?"

"Marahaba. Kwa maji, mara saba, ya kwanza kwa udongo."

Muuguzi aliangalia tena kidole. Niliona alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kumvunjia heshima.

"Mama, la ibada umelifanya. La kidonda bado."

Akampeleka kwenye bomba, akachukua kipande cha sabuni, akaanza kuosha huku akitazama saa yake ya mkononi. Alisema inatakiwa robo saa nzima. Mama alivumilia nusu yake.

"Mwanangu, mimi naoshwa kama sufuria."

"Sufuria yenye masizi, mama. Tulia."

Mama akacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nahesabu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku tatu zile kidudu kisichoonekana kingeweza kuwa kimeshaanza safari yake kutoka kwenye gumba, polepole, kikifuata mshipa kupanda mkono. Muuguzi alinieleza pembeni, kwa sauti ya chini: dalili zikishaanza hakuna dawa. Kabla hazijaanza, sindano zinaokoa, na kila siku inayopotea ni mbaya. Alimchoma ya kwanza pale pale, akaandika tarehe za nyingine, akanituma kwa daktari wa mifugo.

Daktari huyo alikuja na pikipiki, mwanamke mnene mwenye mabuti ya mpira. Alivaa glavu nene, akambana mbwa shingoni, akatazama mdomo. Kisha akaomba kadi. Aliisoma mara moja akanirudishia.

"Umemwona meno? Huyu hajafikisha hata miezi miwili. Hii kadi inasema alichanjwa wiki kumi zilizopita."

Nikaigeuza kadi nikaisoma tena.

"Alichanjwa kabla hajazaliwa," akasema. "Ni kadi ya mbwa mwingine."

Alisema mbwa anaharisha damu, ugonjwa unaoua sana watoto wa mbwa wanaotolewa kwa mama zao mapema na kusafirishwa wakiwa wamebanana. Pengine ni huo tu. Pengine na kichaa kipo. Kwa macho hawezi kuapa. Kipimo kimoja tu kilikuwa mikononi mwetu, nacho ni siku. Mbwa aliyemng'ata mtu akiwa tayari na kichaa hamalizi siku kumi. Tumfungie, tusimguse, tuhesabu tangu Jumatatu. Akizivuka akiwa hai, mama hakuambukizwa.

"Na mtu asije akamuua," akaongeza. "Ukimuua umeua jibu. Hata akifa mwenyewe, mniite. Kichwa chake kinapimwa."

Tukamfungia katika banda la kuku la zamani. Nilimsogezea maji kwa upawa wenye mpini mrefu, nikiwa nimegeuza uso kana kwamba ugonjwa ungeruka hewani. Nilimwogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kiumbe, na wakati huo huo nilimwomba aishi. Nilichuchumaa mbele ya wavu nikitazama ubavu wake. Ukipanda, napumua. Ukichelewa kupanda, najikuta nimeshika wavu. Wanafunzi wa mama tuliwapeleka kibaraza cha jirani, na sauti zao zikisoma zilinifikia kwa mbali, kama zinatoka kwenye nyumba ambayo bado ilikuwa salama.

Habari haikukaa. Ijumaa baada ya sala vijana wanne wa mtaa walisimama mlangoni na marungu, na nyuma yao mama mmoja jirani yetu.

"Dada, tumekuja kukusaidia."

"Hapana. Anatakiwa awe hai."

"Jirani," yule mama akasema, "unamlinda mbwa au unamlinda mama yako?"

"Ni kitu kimoja," nikajibu, nikasikia jinsi jibu lilivyosikika. Wakaangaliana. Kijana mmoja akasema kusoma sana nako kunaharibu watu. Waliondoka, lakini hawakufika mbali.

Jumamosi daktari alinituma kwa muuzaji. Alitaka kujua mama wa mbwa ni yupi, kama naye ni mgonjwa, na ndugu zake wako wapi. Nilimkuta mahali pale pale, maboksi mapya.

"Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake nani?"

"Wa yule mbwa uliyeniuzia."

Alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama umemuuliza nyanya zina mama. "Dada, huku wanafika kwenye boksi. Mimi nalipokea boksi."

"Kutoka wapi?"

"Wengine garini, wengine kwa boti. Mara huku, mara kule."

"Na wale watano waliobaki?"

"Wameondoka wote. Wazuri wale."

Nilimweleza kuhusu mama. Hapo uso wake ulibadilika, na nikaona kwamba naye alikuwa na makovu madogo ya meno vidoleni, mengi, ya zamani na mapya. Akaificha mikono mifukoni. Baada ya kusitasita alinielekeza nyumba tatu. Nyingine mbili, alisema, ni watu wa kupita, hawajui. Nilizunguka na daktari kutwa nzima. Katika nyumba ya tatu msichana alituletea mbwa amemkumbatia, pua kwa pua, akatuuliza tunataka kumfanya nini. Nyumba mbili zile sijazipata hadi leo.

Nilikuwa nikikumbuka kila neno la mwalimu wa Rusimbi. Yeye angeweza kunijibu maswali yote ya daktari bila kufikiri: amezaliwa wapi, na nani, amechanjwa lini, amemng'ata nani, anaogopa nini. Nilimkataa mbwa yule kwa sababu alikuwa na maisha kabla yangu. Nikanunua ambaye maisha yake yalikuwa yamekatwa makusudi, ili nisione boksi limetoka wapi, na sisi wanunuzi ndio tunaolijaza kila linapoisha. Mwalimu alipokuja kumjulia mama hali, sikuweza kumtazama. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba lile jike amelichukua yeye, akakaa kunywa chai.

Jumapili sindano ya pili. Jumatatu mbwa alinyanyua kichwa akalamba maji kwenye upawa, nami nikamkimbilia mama jikoni kumwambia, nikalia mbele ya sufuria ya mawese. Jumanne asubuhi ubavu haukupanda. Nilingoja, nikahesabu hadi mia, nikagonga wavu kwa mpini. Siku nane, si kumi.

Simu ya daktari haikupatikana. Nilichukua bodaboda hadi ofisini kwake, nikamkuta, tukarudi na ndoo yake ya barafu. Tulipokata kona nikaona moshi. Vijana walikuwa wamemwaga mafuta ya taa na kuchoma vyote, banda na mbwa pamoja, kama watu wafanyavyo kwa mnyama wa kichaa ili asichimbuliwe na wengine.

"Tumekumalizia, dada," yule kijana akasema. Alikuwa ameungua nywele za mkono, na alisema kwa upole wa kweli. Mama alikuwa amesimama mlangoni na dumu la mafuta. Yeye ndiye aliyewapa.

"Ulikuwa umeondoka, na mbwa keshakufa," aliniambia. "Nilidhani umechoka kumwangalia."

Daktari alitazama majivu, akarudisha kifuniko cha ndoo. Aliniambia anaamini ni kuharisha damu. Nikamwuliza anaamini kwa kiasi gani. Akasema mama amalize sindano zote, asikose hata moja.

Amezimaliza. Kovu ni mistari miwili, ukitaka kuiona lazima uinamishe kidole kwenye mwanga. Lakini muuguzi, nilipombana, alikiri kwamba ugonjwa ule unaweza kukaa kimya wiki, wakati mwingine miezi, na kwamba unapokuja mtu huanza kushindwa maji, koo linayakataa. Aliniambia pia kwamba aliyechomwa zote hana haja ya kuogopa. Nililisikia la kwanza kuliko la pili.

Tangu hapo namtazama mama akinywa. Kila kikombe. Akipaliwa na chai, najikuta nimeshasimama. Akisema hana kiu, namletea hata hivyo, nakaa hadi anywe. Jana alinikamata. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la mlango kama mwizi, naye ameinua bilauri, akaishusha kabla haijagusa mdomo.

"Toka huko."

Nikatoka.

"Kaa hapa."

Nikakaa mkekani mbele yake. Akainua tena bilauri kwa mkono ule wa kulia, gumba lile kwenye kioo, akanitazama machoni, akanywa. Alikunywa taratibu, funda kwa funda, akinionyesha koo lake linavyoshuka na kupanda, hadi ikabaki tupu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Kesho nitakunywa tena. Njoo uangalie ukitaka. Lakini usijifiche, unanitisha."