Ukweli Uliobisha Hodi Lizaboni

Kwa akili zangu, niliaga kazini kwamba shangazi yangu wa mtaa wa Lizaboni amefariki, kisha nikajifungia chumbani, huko huko nyumbani kwake, kucheza gemu mtandaoni. Katikati ya mapigano, wachezaji wenzangu wakaanza kubishana ukweli ni nini. Mmoja akasema ni maneno yanayolingana na mambo yalivyo. Nikamcheka kwenye maiki.

"Ukweli ni kile ambacho wote wamekubali. Ofisini wote wamekubali shangazi amekufa, basi amekufa."

Ikapigwa hodi. Shangazi akaacha kusonga ugali, akaenda kufungua. Mlangoni walisimama wafanyakazi wenzangu na gunia la mchele, akina mama wamejifunga kanga.

"Shikamoo mama, pole na msiba," alisema bosi. "Tumekuja kumzika shangazi yake Festo."

"Marahaba. Shangazi yake ni mimi."